Verna Amelala Nyuma

Metro Baziuk alikuwa mkulima wa ngano huko Saskatchewan, nchini Kanada, kaskazini, mahali ambapo baridi ya Januari hupasua mti. Hakusoma sana. Baba yake alimtoa shule mapema akamweka juu ya trekta, na juu ya trekta akakaa mpaka nywele zikamwisha. Alijua udongo, alijua injini, alijua kunyamaza. Mengine yote aliyajua mkewe.

Huyo mkewe, Verna, alikuwa na maneno ya watu wawili. Yeye ndiye aliyejibizana na mafundi, aliyekumbuka siku za kuzaliwa, aliyejua nani kagombana na nani. Wakati wa mavuno alipika, akafunga chakula kwenye kitambaa, akampelekea mumewe shambani kwa miguu, hata ule mwaka aliokuwa na mimba ya Larisa, binti yao wa pekee. Majirani walimtania Metro:

"Wewe hukuoa mke, umeoa redio."

"Ndiyo," alijibu Metro, "na betri yake haiishi."

Ikaanza kuisha.

Walipouza shamba walinunua gari-nyumba, basi zima lenye jiko, choo na kitanda, na nyuma yake wakafunga kigari kidogo cha kukokotwa, chenye injini yake, cha kuzungukia wakishafika. Kila majira ya baridi walishuka nalo mpaka Baja, pwani ya jangwa ya Meksiko, ambako bahari ni vuguvugu na madungusi yenye miiba husimama marefu kama nguzo hadi karibu na maji. Wazee wengi wa kaskazini hushuka hivyo hivyo, kama bata. Hupanga magari ufukweni, hutoa viti, hunywa kahawa na kulalamikia magoti yao.

Kwa Verna ilianza na chumvi kwenye chai. Kisha akawa anamwita Metro kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Kisha siku moja akasimama katikati ya jiko lake mwenyewe akauliza, kwa adabu kabisa, choo kiko wapi. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, hautarudi nyuma.

Larisa alikuja na maneno yake tayari. "Baba, mwaka huu msiende. Nimempatia mama nafasi kwenye nyumba ya wazee. Kuna wauguzi, milango inafungwa."

"Tutaona," Metro akasema.

"Hapana, baba, si tutaona. Akikupotea huko jangwani, nani atakusaidia?"

"Hatapotea. Mimi nipo."

Kesho yake alikuwa ameshawasha gari.

Hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu yake, ila hakuwa na maneno ya kuisemea. Mwaka uliotangulia, gari lilipomaliza mteremko na bahari kuonekana, Verna, aliyekuwa kimya tangu mpakani, alisema, "Metro, tumefika." Jina lake, palepale, safi kama kengele. Metro aliliendea jina hilo njia nzima ya mwaka huu, akipita theluji, milima na majiji asiyoyapenda. Alitaka alisikie tena. Na alijua kwamba akimpoteza mkewe, hata kidogo tu, Larisa atakuwa na haki, milango itafungwa, naye atabaki upande wa nje.

Wenzao wa ufukweni hawakujua kitu. Tangu mwaka uliotangulia Metro aliwaficha. Kila Verna alipokuwa na siku mbaya, alivuta mapazia akasema, "Verna amelala nyuma." Basi watu wa magari hayo wana desturi yao: mapazia yakishavutwa, hakuna mtu anayebisha hodi. Wahenga wa kwetu walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio cha Metro kilikuwa njiani.

Siku ya mwisho ya safari waliondoka mji wa San Ignacio asubuhi mapema. Huko juu, kabla barabara haijaanguka kuelekea baharini, kuna kibanda cha chakula cha mwanamke aitwaye doña Cuca, yaani Bi Cuca. Waliegesha hapo kila mwaka, kwa kuwa mteremko ulio mbele ni mkali, na dereva mwenye akili hukagua gari kwanza. Metro alishuka, akaligusa kila gurudumu kwa kiganja kuona kama limepata moto, akafika nyuma kutazama chuma kinachoshika kile kigari.

Verna alikuwa mlangoni, na viatu vyake vyeupe vya kitambaa.

"Mteremko unakuja, mama," Metro akamwambia. "Nenda kalale."

"Haya," Verna akasema.

Tangu zamani Verna aliuogopa mteremko ule. Alikuwa akienda nyuma, anavuta pazia, anajilaza hadi magari yaliyokuwa yakipanda kwa ngurumo yawe yamekwisha. Kwa hiyo Metro alipokuwa ameinama kule nyuma, akasikia mlango ukifungwa, hakuwa na la kufikiri. Akafuta mikono, akapanda mbele, akaondoka.

Mlango ule ulikuwa umefungwa kwa nje.

Akashuka mteremko kwa gia ndogo, shingo imemkaza, malori yakipanda upande wa pili karibu kumkwaruza. Bahari ikatokea, bluu, imetulia.

"Mama! Bahari hiyo!"

Kimya.

Akangoja. Akasema tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Verna. Tumefika."

Kimya. Usingizi, akajiambia. Mwache alale, akiamka ataiona tu. Akaendesha kando ya maji, akipita ndege mwari waliokuwa wakijitupa baharini kama mawe. Njiani alimsimulia: pale tulipasua gurudumu, unakumbuka, pale ulinunua kofia ikapeperuka siku hiyohiyo. Akazungumza zaidi ya alivyozungumza mwaka mzima. Alizungumza na pazia.

Ufukweni walikuwapo Delbert na mkewe Arlys, watu wa Manitoba, jimbo linalopakana na lao, majirani zao wa kila mwaka. Delbert alikuja akichechemea, mikono juu.

"Loo, basi la wazee hilo! Nilidhani mmekufa njiani."

"Bado."

"Verna yuko wapi? Mbona leo hatoki kutukana?"

"Amelala nyuma," Metro akasema.

"Basi sema polepole, asije akaamka akatuhubiria. Njoo unywe kahawa."

Wakamsaidia kufungua kile kigari, maana ndiyo kazi ya kwanza ukifika. Kisha wakaketi. Arlys akaleta kahawa na keki ya tende. Wakaongea kwa minong'ono, kwa heshima ya mgonjwa asiyejulikana kuwa mgonjwa. Metro akakubali kikombe cha pili. Jua lilimpiga magotini, akasikia raha. Huo ndio ukweli: alisikia raha. Kwa muda ule hakuna aliyemuuliza choo kiko wapi.

Mwishowe Arlys akasema, "Kamwamshe basi, nina hamu naye."

Metro akaingia. Akavuta pazia.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile alivyokitandika yeye alfajiri. Akafungua choo. Akafungua kabati la nguo, kabati ambalo hata mtoto hawezi kuenea. Akainama akatazama chini ya meza. Akarudi kitandani akakipapasa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepoteza miwani.

Delbert alimwona mlangoni, uso umekuwa wa majivu. "Metro? Una nini?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Nimemwacha kwa Cuca."

Delbert akacheka. Kwao hiki ni kisa cha kuchekesha. Kila mwaka kuna mzee mmoja wa magari haya anayemsahau mkewe kituo cha mafuta, na mke humnunia hadi Pasaka. "Ole wako! Leo utalala nje na ndege mwari. Yule atakaa pale amekunja mikono, akikuona tu..."

"Delbert," Metro akasema, "hajui jina lake."

Kicheko kikakatika. Arlys akaweka chini birika.

"Tangu lini?" akauliza.

Metro alikuwa ameshaingia kwenye kigari. Delbert akajitupa upande wa pili kabla hakijaondoka, na Arlys akabaki kulinda ufukwe, asijue analinda nini.

Njia ileile ilikuwa imerefuka. Metro aliendesha kama kijana, akayapita malori kwenye kona. Delbert alishika dari.

"Mwaka jana pia?" akauliza hatimaye.

"Mwaka jana pia."

"Na sisi tunakula keki hapo nje, tunasema Verna siku hizi ana maringo." Akageuza uso dirishani. "Bwana, ungetuambia. Hatungemla."

Metro alitazama barabara. Alikuwa akiona viatu vyeupe. Aliviona kando ya lami, chini ya magurudumu ya lori, kwenye korongo. Katika maisha yake alikuwa amesali kwa ajili ya mvua tu, hakujua sala ya jambo jingine. Akasema moyoni, mfanye akae. Mfanye akae tu pale alipo.

Doña Cuca aliwaona wakiingia, akatoka na unga mikononi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mbuzi, na Kihispania chake Metro alikuwa amekizoea kwa miaka.

"Ndiyo unakuja sasa, babu? Mke wako umemsahau kama mwavuli? Mimi nina watoto kumi na mmoja, sijasahau hata mmoja!"

"Yuko wapi?"

Alipouona uso wake, Cuca akaacha mzaha. "Alikuwa hapa. Nilimpa kiti hakukaa. Alichukua kitambaa, akafuta meza zangu zote, hata zilizokuwa safi. Halafu akachukua tortiya, hizi chapati zangu za mahindi, akazifunga na maharage, vizuri kabisa, fundo juu. Nikadhani anakula baadaye. Nikageuka kugeuza zilizo jikoni, nikarudi, hayupo. Nilimtuma dereva wa lori awaambie askari wa kizuizi cha barabarani. Nimezunguka nyumba. Nimeita. Lakini nitaita jina gani, babu? Nilipomuuliza alicheka tu."

"Alisema nini?"

"Maneno ya kwenu. Nilisikia moja analirudia. Metro, Metro. Ni mji?"

Delbert akamwangalia mwenzake. Metro alikuwa ameshika nguzo ya kibanda.

Pande zote palikuwa jangwa. Mawe, miiba, madungusi yamesimama kama umati usio na habari na mtu. Jua lilikuwa limeshavuka kati. Januari huko mchana ni wa joto, lakini usiku wa juu kule hung'ata, na mwanamke yule alikuwa na gauni la maua na viatu vya kitambaa.

Delbert akaanza kupiga kelele, "Verna! Ve-e-rna!" akielekea barabarani. "Nitafuata lami. Wewe shika upande ule."

Metro hakusogea. Chakula kimefungwa, fundo juu. Basi hakupotea huyo, anakwenda mahali. Anampelekea mtu chakula shambani. Na kule kwao mashamba hayana mwisho, mtu na trekta yake ni kama siafu, Verna alikuwa akimwonaje? Alikuwa akitoka mlangoni, anakinga macho kwa mkono, anatafuta vumbi. Penye vumbi ndipo alipo Metro.

Akakinga macho kwa mkono. Akatafuta vumbi.

"Ile ni nini, kule panapotimka vumbi?" akamuuliza Cuca.

"Ipi? Ah, hiyo ni njia ya machimbo ya mawe. Malori yao hupita kutwa nzima. Lakini ni mbali, babu, hakuna mtu anayekwenda huko kwa miguu."

Metro alikuwa ameshageuka.

Alimwita Delbert, wakaingiza kigari kwenye njia ile ya mawe hadi kikagonga tumbo, kikakataa. Wakashuka. Delbert na goti lake akabaki nyuma, akiita. Metro akaenda. Alikuwa mzee wa miaka karibu themanini, na moyo wake ulikuwa na dawa zake zilizosahaulika ufukweni. Akaanguka mara moja, akachubuka viganja. Akaona kiatu cheupe, kimoja, kimekaa sawa katikati ya njia kana kwamba kimewekwa. Akakiokota. Kuanzia hapo hakuita tena, alikuwa akilia kwa sauti kama ng'ombe, bila machozi, wala hakujua kwamba analia.

Alimkuta nyuma ya jiwe kubwa, pembeni, mahali penye kivuli kidogo. Amekaa wima, kitita cha chakula mapajani. Uso umeungua, midomo imepasuka. Mguu mmoja mtupu, na damu.

"Verna!"

Akainua macho. Akamwangalia vizuri, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umemwona Metro?" akauliza. "Chakula kinapoa."

Metro akapiga magoti mbele yake. "Mama. Ni mimi. Mimi ndiye Metro."

Verna akakikumbatia kitita. "We mzee usinitanie. Mume wangu ana nywele."

"Verna, niangalie."

"Nakuangalia. Sikujui." Alipoona mkono wake unakuja, akaokota jiwe. Jiwe lilikuwa la kutosha. "Usinisogelee! Mume wangu yuko hapo tu. Nikipiga kelele atakuja, na yeye ni mtu wa nguvu."

Metro akarudisha mkono. Jina lake alikuwa amelisikia, lile aliloliendea njia nzima. Alilisikia mara mbili. Ila lilikuwa la mtu mwingine, kijana mwenye nywele, yuko kwenye vumbi hapo mbele, anafanya kazi, hana habari.

Lori la machimbo likapita mbali. Verna akanyoosha shingo. Akataka kusimama, mguu ukamkataa.

Kumbeba hawezi. Kumvuta ni kupigwa jiwe. Kumsubiri ajue ni jua kuzama. Metro akakaa chini kwenye mawe, mbali kidogo, akavua kofia kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu.

"Samahani, mama," akasema. "Nilitania vibaya. Metro kanituma."

"Kakutuma?"

"Trekta imeharibika. Yuko kule barabarani anatengeneza. Kasema nikuchukue, msile mbalimbali."

Verna akamchunguza. "Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Mbona sijakuona?"

"Nimehamia juzi."

Akafikiri. Jiwe likashuka polepole hadi mapajani. "Trekta ile," akasema, "nilimwambia aiuze. Yeye hasikii."

"Hasikii," Metro akasema. "Twende, maji yapo barabarani."

Alimfunga mguu kwa leso yake. Akamvisha kiatu. Verna alimruhusu, akiangalia pembeni, kama mwanamke mwenye heshima anavyomruhusu daktari. Wakaenda polepole, yeye amemshika Metro mkono wa shati, si mkono wenyewe. Delbert alipowaona akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Wakakirudisha kigari kinyumenyume hadi barabarani, na kibandani Cuca akampa Verna maji na chumvi, akamfunga shali lake begani, akakataa kurudishiwa. Kwenye gari Verna akakaa mbele, kitita mkononi. Metro hakuwa ametia kitu tumboni tangu ile keki.

"Njaa?" Verna akamuuliza, alipomwona anatazama.

"Kidogo."

"Pole. Hiki ni cha Metro." Kisha, baada ya muda, "Unamjua vizuri?"

"Kidogo."

"Mtu mwema, eti?"

Metro alishika usukani. Delbert akajibu kutoka kiti cha nyuma.

"Mkaidi. Mkaidi kama nyumbu, mama. Husema uongo kwa marafiki zake."

Verna akacheka, midomo iliyopasuka ikamuuma, akaishika. "Huyo ndiye."

Walifika ufukweni jua likigusa vilima. Arlys alimpokea, hakuuliza chochote, akamwosha mguu na kumpaka mafuta usoni. Alimpa supu, akanywa yote. Delbert akampa Metro simu yake. Metro akasimama kwenye mchanga, akampigia Larisa.

"Nimempoteza leo," akasema. "Nimempata. Tunarudi."

Larisa akauliza, "Niwafuate, baba?"

"Tufuate," Metro akasema. Hakuwa amewahi kumwambia mtu hivyo.

Aliporudi, Verna alikuwa amesimama kwenye ngazi ya gari-nyumba, mkono kwenye fremu, Arlys nyuma yake. Macho yake yalikuwa yamechoka sana.

"Huyu naye analala humu?" akamuuliza Arlys.

Arlys akamwangalia Metro.

"Mimi ni mke wa mtu," Verna akasema, kwa upole, asimvunjie jirani heshima. "Siwezi kulala nyumba moja na mwanamume nisiyemjua. Metro akija atasema nini?"

"Una haki, mama," Metro akasema. "Lala na Arlys. Mimi nitakaa nje."

"Hutasikia baridi?"

"Nimezoea."

Verna akaridhika. Akamkabidhi kile kitita, kwa mikono miwili. "Akija, mpe. Mwambie nilijaribu."

Taa ikazimwa ndani. Metro akaleta kiti chake, akakiegemeza mlangoni ili usifunguke bila yeye kusukumwa, akakaa na blanketi ya Delbert magotini. Kitita kilikuwa mapajani. Fundo lilikuwa juu, lilivyofungwa siku zote. Alikuwa na njaa, lakini hakulifungua.